Mutuuzishie mashini yenye kuandika, si mutego wa mwezi moja



Leo tunasema juu ya jambo linaloonekana dogo lakini linakula makuta ya vijana kila siku: programu ya kuandika ndani ya kompyuta. Mutu anahangaika miaka, familia inachanga, mwishowe ananunua mashini yake ya kwanza, mupya. Anaifungua, anaona alama ya Word palepale kwenye skrini, anafurahi. Anaandika CV, anaandika barua ya kulomba kazi, anaanza memwari. Kisha mwezi unapita na ile Word inamuambia: lipa. Kumbe ilikuwa ya kujaribu tu. Asipolipa, inamuachia kusoma na kuchapisha yale aliyokwisha kuandika. Kubadilisha hata nukta moja, hapana.

Sisi tunauliza: kompyuta isiyoweza kuandika barua ni kompyuta ya nini? Na tunajibu bila kuzunguka. Ndiyo, watengenezaji wa kompyuta wanapashwa kuweka ndani ya kila mashini programu ya kuandika iliyo kamili, isiyo na tarehe ya kufa, inayofanya kazi bila intaneti. Lakini si kwa namna yoyote ile. Kuna namna ya kutusaidia, na kuna namna ya kutufunga kamba shingoni huku tunachekelea. Tutaeleza zote mbili.

Kuandika si muchezo

Kwa sisi wenye diplome bila kazi, kuandika njo kazi yenyewe. Kila tangazo la kazi linaomba CV na barua, na zote ziwe zimeandikwa kwa mashini. Unalomba stage? Barua. Unalomba burse? Barua, na mupango wa masomo. Vijana wa kartie wanataka kuanzisha chama chao kidogo? Wanapashwa kuleta statuts na kanuni za ndani, kurasa kwa kurasa. Wakaaji wanataka kumuandikia meya juu ya maji yaliyokatika? Ukileta karatasi ya mukono, mara mingi inabaki mulangoni.

Asiyekuwa na mashini yenye kuandika anaenda sekretariati, zile nyumba ndogo karibu na chuo kikuu, karibu na meri, karibu na tribinali. Pale unalipa ukurasa kwa ukurasa: kuandikisha, kuchapisha, kusahihisha. Yule anayeandika akikosea jina lako, unangoja foleni tena. Memwari ya kurasa 80, profesa akiirudisha na alama nyekundu mara tatu, hesabu mwenyewe. Na barua yako, namba yako ya simu, anwani ya kwenu, hata malalamiko yako juu ya mukubwa fulani, yote yanabaki katika mashini ya mutu usiyemujua.

Hatusemi mabaya juu ya wanaofanya ile kazi. Wengi wao ni vijana wenzetu wenye diplome, wanatafuta mukate. Tunasema tu hivi: kuandika barua yako mwenyewe, katika mashini yako mwenyewe uliyolipa, hakupashwi kuwa na tarifa.

Zamani ilikuwa inafanyika

Kuna wanaosema: «Ni vile dunia iko, mashini inauzishwa kando, programu kando.» Si kweli kwamba ilikuwa vile siku zote. Mpaka mwaka 1969 IBM ilikuwa inatoa programu pamoja na mashini zake kubwa, bei moja. Katika mwezi wa 6 wa mwaka ule ilitangaza kwamba programu zitakuwa na bei yao. Uchuuzi wa programu ulipata nguvu kutokea pale.

Lakini kompyuta zilipoanza kufika kwa watu wa kawaida, watengenezaji walijua kwamba mutu hanunui sanduku, ananunua kazi atakayofanya nalo. Osborne 1, kompyuta ya kubebwa iliyotoka mwaka 1981 kwa dolari 1.795, ilikuja na WordStar ya kuandika na SuperCalc ya hesabu, vyote ndani ya bei. Macintosh ya kwanza, mwaka 1984, ilikuja na MacWrite. Baadaye kompyuta nyingi za Windows zilikuja na Microsoft Works, ndogo kuliko Word lakini ya kutosha kwa barua na CV. Mwaka 2010 ikabadilishwa na Office Starter: Word na Excel zilizopunguzwa, na matangazo ya biashara pembeni. Mwaka 2012 hata ile ikaachwa.

Ikabaki WordPad, iliyokuwa ndani ya Windows tangu Windows 95. Haikuwa kitu kikubwa, lakini ulikuwa unaandika barua, unaweka picha, herufi nzito, unachapisha, basi. Mwezi wa 9, 2023, Microsoft ilitangaza kwamba itaiondoa, na katika Windows 11 ya mwaka 2024, ile ya 24H2, haiko tena. Shauri walilotoa: kwa maandishi ya .doc na .rtf tumia Word, kwa maandishi matupu tumia Notepad. Notepad ambayo wakati ule haikuweza hata kuweka herufi nzito! Yaani nunua, ao andika kama telegramu.

Upande mwengine, Apple tangu mwezi wa 10, 2013, ilianza kuwapa wanaonunua mashini mupya programu zake Pages, Numbers na Keynote bila kulipa zaidi. Mwaka 2017 ikafungulia wote wenye vyombo vyake. Apple haikufilisika. Lakini angalieni vizuri ni nani anayefaidika: mwenye makuta ya kununua Mac anapewa kalamu bure, na mwenye kununua mashini ya bei ya chini, yeye njo anaambiwa kalamu inauzishwa kando.

Kwa hiyo muache kutuambia kwamba haiwezekani. Inawezekana, ilifanyika, inafanyika hata leo. Ni swali la nani anaamua na kwa faida ya nani. Ile Word ya mwezi moja haikuwekwa pale kwa huruma. Iliwekwa ili uzoee, uweke kazi yako ndani, kisha ushindwe kutoka.

Mutego unafanya nini kwetu

Tuseme bei. Katika mwezi wa 1, 2025, Microsoft 365 ya mutu moja ilipanda katika Marekani kutoka dolari 69,99 mpaka dolari 99,99 kwa mwaka. Kila mwaka, si mara moja. Na si bei peke yake. Kulipa kule kunaomba karta ya banki. Kijana wa Bukavu, wa Bunia ao wa Lubumbashi anaishi na M-Pesa, Airtel Money, Orange Money. Hata akikusanya zile dolari, mara mingi mulango wa kulipia haumutambui.

Basi anaenda kwa tekinisia wa kona. Dolari chache, dakika chache, Word «imefunguliwa». Wote tunajua jambo hili, serkali inajua, makampuni yanajua. Lakini ile programu ya kuvunja kufuli mara mingi inakuomba kwanza uzime antivirusi. Unafungua mulango wa nyumba usiku ili mutu akutengenezee dirisha. Kisha virusi inapanda kwenye flashi, flashi inaenda sekretariati, sekretariati inaambukiza wengine. Kijana anapoteza memwari siku chache mbele ya kuitetea, na watu wanasema ni bahati mbaya. Haiko bahati mbaya. Ni matokeo ya kuuzisha mashini bila kalamu katika inchi ambamo kalamu haina namna ya kulipiwa.

Na kuna kitu kibaya zaidi: kijana anageuzwa muvunja sheria ili aandike barua ya kulomba kazi. Halafu katika barua ile ile anaandika kwamba yeye ni mutu mwaminifu.

Kampuni yenyewe haipotezi sana. Sisi tunajifunza Word peke yake, tunaandika kwenye CV «najua Word, najua Excel», na kesho biro itakayotuchukua itanunua kile ambacho wafanyakazi wake wamezoea. Uwizi wetu mudogo unakuwa publisite ya bure.

Wengine wanatuambia: «Lakini kuna Google Docs, kuna Word ya kwenye intaneti, zote bure!» Ni vyombo vizuri, hatukatai. Lakini bure inayokula mega si bure. Google Docs inaweza kufanya kazi bila intaneti, lakini kwanza uitayarishe ukiwa kwenye intaneti. Yule asiyejua anagundua siku ile mega zimeisha na tarehe ya kuweka dosie ni kesho. Wengine wanasema tumia simu, Word ya skrini ndogo ni bure. Ndiyo, kwa barua ya aya tatu. Jaribu kupanga tabo ya matokeo na orodha ya vitabu vya memwari kwa kidole kimoja, kisha uje utuambie.

Wanaotupinga wanasema nini

Wa kwanza wanasema: «Mukilomba hivi, bei ya mashini itapanda.» Tungekuwa tunalomba Word, wangekuwa na haki. Lakini hatulombi Word. Kuna LibreOffice, iliyozaliwa mwaka 2010 kutoka OpenOffice, ambayo nayo msimbo wake ulifunguliwa na Sun Microsystems mwaka 2000. Leseni yake inamuruhusu mutu yeyote, hata mwenye kiwanda, hata muuzaji wa soko, kuiweka kwenye mashini na kuuzisha ile mashini bila kulipa franka moja. Kuipakua ni mega mia tatu na kitu. Kazi ya mutengenezaji ni kuiweka mara moja katika mufano ule anaonakili kwenye mashini zote, kisha kujibu wanunuzi wakiuliza swali. Gharama hiyo iko, hatuifichi, lakini si gharama ya kumufukuza munuaji.

Wa pili wanasema: «Kuweka programu ndani ya mashini kunaua wengine, kunaleta monopoli.» Hawa wanasema jambo kubwa, na tunapashwa kuwasikiliza. Mwaka 2004 Komisheni ya Ulaya iliitoza Microsoft euro milioni 497, na sababu moja ilikuwa kufunga Windows Media Player ndani ya Windows ili wengine wakose nafasi. Mwezi wa 9, 2025, Komisheni ile ile ilikubali ahadi za Microsoft za kuuzisha Office bila Teams kwa bei ya chini, kwa sababu Teams ilikuwa imefungwa pamoja nayo. Somo ni wazi: mwenye nguvu sokoni akifunga bidhaa yake ya pili juu ya ile ya kwanza, anafanya kama anatoa zawadi, kumbe anafunga barabara.

Njo maana hatulombi Word ya bure kwa wote. Tungeifurahia mwaka moja. Kisha programu zingine zingekufa, na siku ile hakuna mwengine njo bei ingerudi, na sisi bila pa kwenda. Tunalomba kitu kingine: mutengenezaji wa mashini, asiyekuwa mwenye Windows, aweke programu iliyo huru, ambayo munuaji anaweza kuitoa siku anayotaka na kuweka nyingine. Kalamu ndani ya mufuko, si mukono uliofungwa kwenye kalamu moja.

Wa tatu wanasema: «LibreOffice haiko sawasawa na Word.» Kweli, haiko sawasawa. Dosie ya .docx yenye tabo nyingi inaweza kufunguka imehama kidogo, herufi zikabadilika. Lakini kwa CV, barua, ripoti na memwari inatosha na kubaki, na inatoa PDF moja kwa moja. Aina ya faili yake, ODF, ni kanuni ya kimataifa ya ISO tangu mwaka 2006: maana yake kampuni yoyote inaweza kutengeneza programu ya kuifungua bila kulomba ruhusa. Jandarmeri ya Ufaransa ilihamia OpenOffice tangu mwaka 2005. Katika Ujerumani, jimbo la Schleswig-Holstein lilitangaza mwezi wa 4, 2024, kwamba kompyuta 30.000 za serkali yake zitahamia LibreOffice. Kama jandarme wa Ufaransa aliweza kuandika PV zake bila Word, barua yetu ya kulomba kazi nayo itaandikika.

Tena programu iliyo huru haingoji mukubwa wa mbali aamue kama luga yenu iko na soko. Katika miaka ya 2000 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliitafsiri OpenOffice katika Kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice. Walikuwa na haki ya kuifungua na kuibadilisha, wakafanya.

Wa nne wanacheka: «Ninyi munanunua mashini za okazioni, watengenezaji watawasaidia nini?» Ni kweli, mashini mingi zinazofika kwetu zimekwisha kutumika Ulaya ao zimepitia Dubai. Zinafika zimefutwa, na muuzaji anaweka tena kila kitu. Lakini okazioni ya miaka saba ijayo ni mashini mupya ya leo. Munuaji wa kwanza akizoea kalamu iliyo huru, na vyuo, na biro zikizoea, sisi tunaokuja nyuma tunakuta njia imekwisha kukanyagwa. Na muuzaji wa okazioni hana haja ya kungoja kiwanda: programu ile ile anaweza kuiweka yeye leo jioni.

Tunayolomba

Kwa watengenezaji, HP, Dell, Lenovo na wengine: kila mashini mupya itoke na programu ya kuandika iliyo kamili, bila tarehe ya mwisho, bila kuomba intaneti. Kama munaweka programu ya kujaribu, muandike kwa herufi kubwa kwenye karto kwamba ni ya kujaribu, kwa siku ngapi, na baada yake bei gani. Mutu ajue mbele ya kutoa makuta.

Kwa wauzaji wa miji yetu: muache kuuzisha mashini «yenye Word» wakati muko munajua Word ile imevunjwa. Muweke LibreOffice, muoneshe munuaji namna ya kuhifadhi katika .docx na katika PDF. Dakika kumi tu. Mutapata jina zuri, na wanunuzi watarudi.

Kwa vyuo vikuu: mupokee memwari katika PDF na katika .odt. Katika kozi ya informatika, mufundishe kuandika, kupanga mitindo, kutengeneza orodha ya yaliyomo, si majina ya vifungo vya kampuni moja. Mwanafunzi anayejua kazi atafanya kwa chombo chochote.

Kwa serkali, mashirika na ma-ONG yanayotangaza kazi: muache kuandika «CV katika Word». PDF inafunguka kila pahali na haihami. Na kila kompyuta inayonunuliwa kwa makuta ya raia, tunalomba orodha ya kununua iseme wazi programu gani iko ndani, leseni gani, na kwa miaka ngapi. Inchi yetu iko na Code du numérique tangu mwezi wa 3, 2023. Hotuba juu ya dijitali tumesikia za kutosha. Sasa tuanzie kwenye barua.

Na kwa sisi wenyewe: tusingoje. Mwenye mega apakue mara moja, aweke kwenye flashi safi, apitishe kwa kumi. Mwenye kujua amufundishe dada, kaka, mama anayeandika ripoti ya kikundi chake cha akiba. Kupitisha programu hii hakumuibii mutu, leseni yake inaruhusu. Katika kila kartie iko kijana moja anayeweza kuweka programu hii kwenye mashini tano siku ya Jumamosi. Afanye hivyo bila kulomba makuta, na yule aliyesaidiwa afanye kwa wengine.

Hakuna kazi itakayoanguka kutoka mbinguni kwa sababu LibreOffice iko ndani ya mashini. Hatudanganyane. Lakini kati ya kijana na kazi kuna vizuizi vingi ambavyo hatuwezi kuviondoa leo. Hiki kimoja kinaweza kuondoka kesho asubuhi, kiwandani kwao na kwenye flashi zetu.

Mashini tumeilipa. Kalamu iwe ndani.